Ukuta wa Tundu Pafuni

Mzee Gervas aligoma kuinuka kitini.

Daktari Najma alishamwambia mara mbili: kile kitundu kwenye pafu lake la kulia ni kifuko cha hewa tu, wanacho wengi, wala hakina neno. Noela, bintiye, alishachukua mkoba.

"Baba, twende. Daktari kasema hamna kitu."

"Kasoma karatasi tu. Picha ya mwaka juzi hajaiona."

Akachomoa bahasha ya kaki. Vijana anaochonga nao vinyago kule Chamazi walizoea kumcheka: mzee anatunza picha za kifua kama cheti cha ndoa! Siku hizi picha hubaki kwenye kompyuta ya hospitali iliyoipiga, mgonjwa akarudi nyumbani na karatasi ya majibu. Zamani ulipewa picha yako, ukailaza chini ya godoro, ukahama nayo. Gervas hakuacha kudai yake, kama asivyoacha tezo na patasi, wakati wenzake wanachonga mti wowote kwa mashine, wanaupaka rangi ya viatu, wanauita mpingo.

"Mzee wangu, majibu ya mwaka juzi nayo yaliandikwa kifuko cha hewa. Ni kilekile."

"Mjukuu wangu, mie nimechonga matundu miaka hamsini. Tundu siangalii uwazi, naangalia ukuta. Ziweke pamoja."

"Baba, jamani!"

"Noela, pafu la nani?"

Najma akacheka. Akainua picha ya zamani kwenye mwanga wa dirisha, kando ya kompyuta. Kicheko kikakatika. Mwaka juzi ukuta wa kitundu ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, pande zote. Leo upande mmoja umenenepa, na kinundu kimechomoza ndani.

"Aliyesoma hii hakuiona ile," alisema taratibu. "Na mimi nikafuata maandishi yake. Nisamehe, babu."

"Ni kansa?" Noela aliuliza.

"Huenda. Kuna kansa ya mapafu inayojificha hivi, ukaidhania kifuko. Tuchukue kinyama tukapime."

Noela akaanza kulia.

"Unalia nini? Ilikuwa imejificha, sasa tumeiona." Gervas akakohoa, akajifuta mdomo, akamgeukia daktari. "Wakate. Ila nipangie siku ya karibu, namchonga Bikira Maria wa parokia, bado hana uso. Na sitaki mwingine aumalizie."