Shingo ya Salu Siku ya Jubilei ya Chuo

Anayesema hajawahi kuona wivu ukitoa moshi, basi hakupita barabara ya chuo cha biashara pale Bariadi wiki ile ya jubilei. Moto wa Salu, mama lishe, ulikuwa chini ya sufuria kama kawaida, ila moshi ulikuwa unamtoka yeye mwenyewe utosini.

Sababu ilikuwa bango. Chuo kilikuwa kinatimiza miaka ishirini na mitano, wakubwa wakaona watundike getini picha ya mjasiriamali wa mfano. Wakamtundika Apolonia, mwenye hoteli. Picha pana kuliko mlango wa zizi, meno yote nje, ikitazamana na kibanda cha Salu. Kila alfajiri Salu akiinama kupuliza moto, Apolonia anamchekea. Salu aliapa kwamba jua likipanda ile picha ilikuwa inanusa michembe yake, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na kukunja pua.

Na Apolonia wa nyama na damu hakuwa mbali. Hoteli yake ya madirisha ya vioo ilikuwa mkono wa kulia wa kibanda, wametenganishwa na mstari wa minyaa tu.

Salu alizaliwa Sapiwi, kwenye pamba. Baba yake, Bundala, alikuwa manju, kiongozi wa ngoma upande wa Bagika. Na ngoma za kwao ni mashindano: Bagika huku, Bagalu kule, uwanja mmoja, saa ileile, na watu wakikimbilia kwako umeshinda. Lakini Bundala na wapinzani wake wa Nkololo walikuwa na sheria yao moja zaidi. Manju hageuzi shingo kutazama upande wa pili unafanya nini. Akigeuka, hata awe na watu kama siafu, kashindwa. Bundala, wanasema, aliwahi kutuliwa shingoni na kundi zima la nyuki katikati ya wimbo, hakugeuka. Nyuki wakaona haya, wakahamia kwa Bagalu.

Salu akaolewa na Mayige, akalima, akafiwa, akaja mjini na chungu kichwani. Wakati huo chuo chenyewe kilikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba. Wanafunzi walitoka darasani vichwa vyeupe kwa nyuzi, kijana wa kidato cha nne ukimwona unamwamkia kama babu yako, na wote walikula kwa Salu.

Apolonia alikuja baadaye, binti wa manju wa Bagalu wa Nkololo. Siku ya kwanza aliomba kaa la moto, Salu akampa. Hilo ndilo lililomchoma. Kaa lile lilizaa jiko, jiko likazaa hoteli, hoteli ikazaa friji, na sasa friji imezaa bango.

Salu akaenda kwa mkuu wa chuo, Dakta Elineema, mtu mpole wa kutoka Upareni. Mkuu akamweleza kwamba kamati imemchagua Apolonia kwa kuwa ana leseni na wanafunzi wamemfanyia utafiti, kwa hiyo atakaa meza kuu karibu na mgeni rasmi. Akina mama lishe wengine wanakaribishwa sana, nje ya uzio.

"Mwalimu," Salu akasema, "mimi nilikuwepo chuo chenu kikiwa bado kinapiga chafya za pamba."

"Naamini, mama. Ila viti vya meza kuu vimekwisha."

Viti vimekwisha. Salu akarudi na neno hilo kama mwiba kwenye kisigino. Akamtumia salamu kaka yake Paschal aje na ngoma zote za Sapiwi. Kama kiti hakuna, atachukua watu.

Siku ya jubilei hotuba zikaanza chini ya maturubai. Apolonia kakaa mbele, gauni linang'aa hadi kuku wanadhani kumekucha mara ya pili. Nje ya uzio Paschal akapiga ngoma. Salu akajitwika chungu kikubwa cha michembe ya karanga kinachotoa mvuke, akaachia mikono, akaanza kucheza. Mabega yanakwenda, miguu inatimua vumbi, chungu kimetulia kama kimeota pale kichwani.

Kwanza wakatoka wanafunzi wa nyuma. Wakafuata wazazi. Mpiga picha akafuata, kisha mwenye kushika kipaza sauti, na waya wake. Watu walivyotoka kwa wingi, turubai liliinuka kwa kukosa wa kulishikilia. Ikabaki meza kuu, na Dakta Elineema akivihutubia viti.

Salu alikuwa ameshinda. Angesimama hapo, leo hii angekuwa anaimbwa hadi Meatu. Lakini moyo ukamwambia: na yule, ameona? Ushindi bila Apolonia kuuona ulikuwa kama mchuzi bila chumvi. Shingo ikaanza kumwasha. Akavumilia wimbo mmoja. Akavumilia wa pili. Wa tatu, akageuka.

Chungu kikaondoka. Michembe ikawanyeshea waliokuwa mbele, na watu wakasema baadaye kwamba ng'ombe wa Nkololo walilamba karanga siku hiyo.

Lakini kabla hakijafika chini, Salu alikwishaona. Apolonia alikuwa amesimama juu ya kiti cha meza kuu, viatu mkononi, shingo imevutwa kupita uzio kama ya twiga.

Apolonia akatoka getini, akiruka michembe.

"Ng'wana Bundala," akasema, "umegeuka."

"Nimegeuka nikakukuta juu ya kiti. Wewe umegeuka kwanza."

"Mimi nilikuwa namtafuta mpiga picha."

"Kwa shingo hiyo ungempata hata akiwa Mwanza."

Wazee wa pande zote mbili wakaitwa, wakabishana mpaka vumbi likatulia, hawakuamua. Mgeni rasmi akala michembe iliyobaki kwenye kitako cha chungu, akaomba tena.

Hata bango lilipoteremshwa, hakuna kati yao aliyekubali kugeuza shingo kuelekea kwa mwenzake, asije akashuhudiwa. Salu huenda kisimani amekakamaa hivi, wageni wanampa pole ya mgongo. Lakini kutojua nani anakula kwa Apolonia kulimnyima usingizi, basi akatoa kioo cha kunyolea cha marehemu Mayige, akakitundika kwenye nguzo, akakielekeza hotelini. Sasa angeona kila kitu huku amekaza shingo.

Asubuhi ya kwanza akachungulia. Kwenye kioo kile, barazani kwa Apolonia, palikuwa na kioo kingine, na ndani yake jicho linamtazama.