Fundi Aliyeingia Bila Kupiga Hodi

Mzee Sadallah alivaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne, kwa sababu fundi wa kompyuta alikuwa anakuja.

Asubuhi alikuwa amefagia uwanja, akaenda sokoni Tandika kuchagua samaki, changu wa kupaka, akarudi na nazi mbili. Akakaa juu ya mbuzi na kuzikuna mwenyewe, kazi ambayo marehemu mkewe, Zuena, hakupata kumwachia hata siku moja. Vaileth, msichana wa Kinyakyusa aliyepanga chumba cha uani, alimkuta hivyo akielekea kazini saluni.

"Shikamoo mzee. Leo vipi, kuna posa?"

"Marahaba. Fundi anakuja."

"Fundi ndiyo apikiwe changu?"

"Fundi anapikiwa. Nyie hamkuyakuta hayo."

"Basi mie nimekosea kusomea kusuka," Vaileth alisema, akapachika vidude vyake masikioni, akaenda zake. Hakumsikia mzee alipomjibu.

Na alikuwa na jibu. Sadallah mwenyewe alikuwa fundi, fundi wa vyerehani, na zaidi ya nusu ya umri wake ulipita katika nyumba za watu, kutoka Temeke mpaka Kinondoni, mkoba wa ngozi begani. Zama hizo mashine haikupelekwa kwa fundi. Fundi ndiye aliyeifuata ilipo. Alipiga hodi, akangoja aitikiwe. Alikaribishwa, akapewa maji, akamuuliza mwenye nyumba hali ya mama, hali ya watoto, yule aliyekuwa na homa amepona? Ndipo alipofunua cherehani. Mara nyingine kilihitaji tone la mafuta tu, na kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Lakini hakuimaliza upesi namna hiyo. Nyumba ya mtu si choo cha stendi, uingie, umalize haja yako, utoke.

Kisha zikaja nguo za mitumba za marobota, vyerehani vikageuzwa meza za kuwekea televisheni, milango ikawa mageti. Mara yake ya mwisho kuitwa ilikuwa nyumba moja ya Mbweni. Alipiga hodi kwenye geti mpaka koo likakauka, hatimaye sauti ikatoka ndani ya kisanduku cha ukutani: "Wewe nani, na umetumwa na nani?" Alimjibu mwenye sauti kwamba hakutumwa na mtu, ameitwa. Geti likafunguka lenyewe, na hakuona uso wa mtu mpaka alipofika jikoni. Aliitengeneza mashine, akalipwa, akatoka na kiu yake. Baada ya hapo akautundika mkoba.

Kompyuta mpakato aliletewa na Munira, mwanawe wa pekee aliyeolewa Mwanza, ulipokwisha msiba wa Zuena. "Ikupunguzie upweke, baba." Sadallah, ambaye Kiingereza alijifundisha kwa kusoma vitabu vya maelekezo vya vyerehani, aliizoea upesi kuliko binti yake alivyotarajia. Lakini hakuitafutia mambo mengi. Humo ndani mlikuwa na video ya harusi ya Munira, iliyopigwa papa hapa uwanjani, turubai limetandazwa mpaka barabarani na mtaa mzima umejaa. Kila mchana aliiweka kompyuta mezani, akaiwasha video, akala chakula chake katikati ya zile kelele: vigelegele, masufuria, watu wakigombea viti. Sehemu moja Zuena alikatiza mbele ya kamera, akageuza uso, akamsemesha yeye.

Halafu ukaja ule ujumbe. Ulitokea kwenye kioo ukisema kwamba mfumo anaoutumia umefikia mwisho wake, hautatunzwa tena, na aupishe mfumo mpya. Sadallah aliusoma kama mtu anayesoma barua ya kustaafishwa. Hakuona kasoro yoyote katika mfumo wa zamani. Lakini ujumbe ulirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akachoka akabofya kukubali. Kompyuta ikazunguka mchana kutwa, ikazima, ikawaka, ikazima tena, na ilipozinduka ilikuwa imependeza kweli kweli, vialama vyake vimesogezwa katikati kama vyombo vya bibi harusi. Ila ilikuwa bubu.

Aliiwasha video. Wanawake walitikisa ndimi, na kigelegele hakikutoka. Zuena akakatiza, akageuza uso, midomo ikafunguka na kufungika. Sadallah aliirudisha nyuma, akaitazama tena midomo ile. Anasema nini? Maneno yenyewe ameyasikia kila mchana, na kwa sababu yalikuwepo kila mchana, hakuona haja ya kuyaweka kichwani. Sasa akayatafuta, yakamponyoka. Alikumbuka kwamba alisema jambo dogo, la kawaida. Zaidi ya hapo, hakuna.

Alijaribu ayajuayo. Akaizima na kuiwasha. Akachomeka spika za masikioni alizoazima kwa Vaileth, nazo kimya. Akabofya kialama cha spika pale pembeni, kilichopigwa msalaba mwekundu, kikaleta kisaidizi kinachotafuta kasoro. Kikatafuta kwa muda mrefu, kikamwambia hakuna kifaa cha sauti kilichoonekana, kisha kikamuuliza: tatizo lako limekwisha? Akajibu hapana. Kikamshukuru kwa jibu lake, kikajifunga.

Ndipo alipompigia Gaudens, kijana wa Kihaya mwenye kibanda cha kompyuta kule Kinondoni, aliyepata kuja mara moja Munira alipomleta kuiweka kompyuta sawa. Siku ile kijana alikula, akabishana mpira, hata akawaambia jinsi wanavyopika ndizi kwao Bukoba, akaondoka jua limekwisha kuzama. Sadallah hakuisahau siku ile.

"Ishu ndogo sana hiyo, mzee wangu," Gaudens alisema kwenye simu. "Jumanne mchana nakushughulikia."

Kwa hiyo Jumanne mchana wali ulikuwa chini ya kawa, mkeka mpya umetandikwa, na Sadallah amekaa akitazama mlango. Simu ikalia.

"Shikamoo mzee. Mashine iko karibu?"

"Marahaba. Ipo mezani. Umefika wapi, nije nikupokee barabarani?"

"Hapana, sitoki. Mie nafanyia huku huku. Nimekutumia kitu kwenye simu, kifungue kwenye kompyuta, halafu unisomee zile namba zinazotokea."

"Huku huku wapi?"

"Niko na mteja hapa, mzee. Nisomee namba."

Sadallah alihangaika kidogo, akakifungua, akamsomea namba. Kioo kikapepesa. Kisha mshale, ambao hakuna aliyeugusa, ukainuka kutoka pembeni, ukatembea mpaka katikati, ukaanza kufungua vitu.

"Ndiyo mimi huyo," Gaudens alisema. "Nimeshaingia. Sasa usiguse chochote, mzee. Nakata simu, mikono inafanya kazi."

Simu ikakatika. Sadallah akabaki ana kwa ana na mshale. Ulifungua droo moja, ukafunga, ukashuka chini, ukapita karibu na picha za Zuena bila kuzitazama, ukazama mahali ambapo yeye hakujua kama papo. Mtu alikuwa ndani ya nyumba yake, na hakupiga hodi. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni akishaingia ameingia. Sadallah alijiweka vizuri kwenye kiti, akashusha kola ya kanzu.

"Karibu, Gaudens," alisema.

Mshale ulikuwa na kazi. Ukaleta dirisha jipya, ukabofya, na mstari wa kijani ukaanza kujaa polepole. Chini yake paliandikwa kwamba kinachopakuliwa ni kile kiprogramu kinachoiongoza spika. Kisha mshale ukasimama.

Ulisimama na kusimama. Mstari ulijongea kwa unyonge, kwa maana intaneti yenyewe ilitoka kwenye simu yake, na simu yake ilikuwa kuukuu. Sadallah alisikia njaa. Hakula, hawezi kula huku mgeni akiwa kazini. Alitaka kwenda kujinyoosha nje, hakwenda. Mgeni haachwi peke yake. Hivyo akamzungumzisha, kama alivyokuwa akizungumzishwa yeye alipoinamia vyerehani vya watu.

Alianza na mpira. Akahamia mvua, jinsi mtaro wa barabara ya nyuma ulivyoziba. Akafika kwa Zuena, jinsi alivyokuwa akipenda kuwaambia wageni wamekonda hata kama ni wanene. Mshale ulitulia pale pale, kama kijana mwenye adabu anayemsikiliza mtu mzima. Mara moja mkono wa kanzu uligusa kompyuta, mshale ukaruka kidogo, na Sadallah akafurahi.

"Ee, nilijua unanisikia," alisema. "Sasa huyo mama, kwenye ile video, kuna neno analoniambia. Wewe ukishairudisha sauti nitakuonyesha."

Alasiri ilipoadhiniwa, watu walipita dirishani wakienda msikitini, na mmoja akamwita. Sadallah akamjibu kwa mkono kwamba ana mgeni. Akatandika msala pale pale kando ya meza, akamwomba radhi Gaudens, akasali.

Vaileth aliporudi alimkuta bado amekaa wima, kanzu imemjaa jasho mgongoni.

"Mzee, unaongea na nani?"

"Na fundi."

Vaileth akachungulia nyuma ya mlango. "Yuko wapi?"

"Yumo humu." Akaonyesha kompyuta.

Msichana akainama, akatazama mstari wa kijani, akatazama wali uliofunikwa. Alitaka kucheka, akaacha.

"Mzee, huyu hayupo. Ameiwasha ijipakue yenyewe, ameenda kwenye mambo yake. Hivi ndivyo wanavyofanyaga."

"Hajaaga."

"Wanaaga wapi, mzee?"

"Mtu haondoki nyumbani kwa mtu bila kuaga," Sadallah alisema. "Kaa, ule. Kuna changu."

"Ningekaa, mzee, ila naenda kwaya. Nitachelewa." Alisimama mlangoni kidogo, kama anayetaka kusema jambo jingine, kisha simu yake ikaita, akatoka akiipokea.

Mstari wa kijani ulijaa. Kompyuta ikajizima yenyewe, na moyo wa Sadallah ukashtuka, akidhani imekufa mbele ya macho yake. Ikawaka tena. Kutoka ndani yake kikatoka kimlio kifupi, chembamba, kizuri, na nyumba nzima ikakisikia. Msalaba mwekundu ulikuwa umeondoka. Kwenye kioo palikuwa na kijisanduku kimoja chenye maneno ya Kiingereza. Akayasoma mara mbili ili asijidanganye: mtu wa upande wa pili alikwisha kuondoka, na saa iliyoandikwa pale ilikuwa kabla ya adhana ya alasiri, kabla hata hajafika kwenye habari za mvua.

Alikaa akitazama ile saa. Aliona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Kisha, kwa kuwa mkono ulitaka kitu cha kufanya, akaifungua video ya harusi na kupandisha sauti mpaka mwisho. Kelele zikabubujika, vigelegele, ngoma, mtu akipiga kelele kwamba wali wa juu umeungua. Simu nayo ikalia.

"Mzee wangu, imekubali?" Ilikuwa sauti ya Gaudens, na nyuma yake mvumo wa magari.

"Imekubali, baba. Ahsante."

"Niliiacha ijipakue. Ningekupigia mapema, ila nimeshikika huku Mbweni tangu mchana. Usije ukawa umekaa unaingoja?"

"Aa, mie nilitoka," Sadallah alisema. "Nilikuwa na mizunguko yangu."

"Afadhali. Mbona kelele hivyo? Kuna shughuli kwako?"

Sadallah alitazama turubai, watu chini yake, mabenchi yasiyotosha.

"Nina wageni," alisema.

"Wengi hao."

"Wamejaa mpaka barabarani."

Gaudens akacheka kwa furaha ya kweli. "Safi sana, mzee. Munira alikuwa anahofia unakaa peke yako, nitamwambia." Na hapo hapo sauti ya mwanamke, karibu kuliko zote, yenye haraka na kero kidogo, ikajaa chumbani: "Baba Munira, huku watu hawana maji."

Sadallah aligeukia kioo. Simu ilikuwa sikioni, lakini alikuwa haisikii tena.

"Unaitwa, mzee," Gaudens alisema. "Nenda kahudumie watu."

"Naenda," Sadallah alisema.

Akaiweka simu chini. Kwenye video mwanamume mmoja, mgongo wake bado umenyooka, aliitikia kwamba anakuja. Alikatiza mbele ya kamera na jagi mkononi, akawainamia wageni mmoja baada ya mwingine, na hakugeuka kutazama upande huu.