Kastabini Iliyovuta Pini

Kikao cha kuamua cherehani yangu iende wapi kilifanyika sebuleni kwangu, hapa Moshono, na mimi nimekaa palepale kwenye kochi nawasikiliza. Kiharusi kilinichukua mkono wa kulia, si masikio. Lakini ndugu zangu walivyoongea, ungedhani mimi ni picha ya ukutani. "Cherehani inakaa bure," akasema dada yangu mkubwa, aliyeshuka asubuhi hiyo kutoka kwenye migomba yake kule mlimani. "Binti yangu kamaliza chuo cha ushonaji. Apewe yeye." Kaka yetu akaitikia: mgonjwa haulizwi uji.

Thubutu! Ulimi wangu ulikuwa bado mzito, lakini hilo lilitoka sawasawa. Nikasema cherehani haitoki. "Nipeni mpaka Krismasi. Nikishindwa kushona gauni, dada, njoo uichukue." Wakatazamana, wakakubali haraka haraka ili chai isipoe.

Mguu, uliolegea nao mwanzoni, ulikuwa umesharudi, kwa hiyo pedali nilikanyaga. Mkono wa kushoto ukajifunza kusukuma kitambaa. Kilichonishinda ni pini. Ukitaka kupinda gauni, kushoto unashika mkunjo, kulia unachoma pini ili mkunjo usikimbie. Vidole vyangu vya kulia vilikuwa vinaifikia pini vizuri tu, vinaisukumasukuma pale mezani, lakini kuiokota, ng'o! Nililia kwa hasira, sifichi. Siku moja nilirusha kopo zima, pini zikatapakaa chumba kizima.

Za sakafuni huwa nazikusanya kwa sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio. Ikazizoa zote, pamoja na ule mchanga mweusi wa uani unaoigandia kila mara kama ndevu. Nikaiangalia, nikajiuliza: hii haina hata kidole kimoja na inaokota, mimi je? Nikajaribu kuishika yenyewe. Nzito, tena ina uroho, ilikuwa inabeba pini kwa mafungu, kisha ikang'ang'ania mguu wa cherehani tukaanza kugombana. Nilihitaji kitu chepesi cha kuvaa kidoleni, chenye nguvu ya pini moja tu.

Nikakumbuka kastabini, kile kikofia tunachovaa mafundi kidoleni ili sindano isituchome. Yangu nilirithi kwa mama. Niliisugua kwa sumaku asubuhi nzima, isivute kitu. Kumbe ni ya shaba, na shaba na sumaku hawajuani. Nikaenda Ngarenaro kwa muuza vifaa vya cherehani, nikanunua ya chuma. Nayo nikaisugua mbele na nyuma kama nakwangua sufuria ya ugali. Wapi! Hapo ndipo mwalimu wetu wa sayansi wa shule ya msingi aliponijia akilini, na fimbo yake: upande mmoja tu, ukifika mwisho inua, rudi ulikoanzia.

Basi nikaivika kastabini kwenye kidole changu kigonjwa, nikalaza mkono mezani, na kwa mkono wa kushoto nikapitisha sumaku kutoka shina la kidole hadi ncha. Nainua, narudi. Nainua, narudi. Bega likauma, uji ukapoa, nikasema potelea mbali, leo ni leo. Nilipoweka sumaku mbali na kushusha kidole kwenye kopo, kikapanda na pini moja inaning'inia. Nilipiga kigelegele peke yangu, jirani akachungulia dirishani kuuliza nani kaolewa.

Kuiachia pini ndiyo ikawa kazi nyingine. Nikagundua kwamba ukichoma ncha yake kwenye kitambaa kwanza, kitambaa kinaishika, kidole kinatoka bure. Hiyo nguvu haidumu, chuma chenyewe ni cha bei rahisi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kugusa kitambaa, nasugua upya.

Krismasi ilipokaribia dada akafika na kirikuu ya kukodi, kile kigari cha mizigo, dereva akabaki nje. Nikamwonyesha gauni lililokuwa limetundikwa kwenye msumari, limekwisha kila kitu. Akalipekua mishono. "Umemshonesha nani?"

"Nimeshona mimi."

"Mh! Mdogo wangu, usinidanganye, ni mimi."

Damu ikanipanda. Nikamwangalia chini, upindo wa gauni lake la kitenge ulikuwa umefumuka nyuma, unaburuza vumbi. Nikavuta kigoda. "Panda."

"Nipande nini?"

"Panda, dada!"

Akapanda. Nikapiga goti, jambo ambalo si dogo siku hizi, nikakunja upindo kwa kushoto, nikashusha kidole cha kulia kwenye kopo. Pini ikaja. Akashtuka: "Yesu wangu! Umeenda kwa mganga?" Nikachoma. Nikafuata nyingine. Ya tatu ilianguka, nikairudia. Yeye alikuwa anaona ninavyohangaika, ila hakushuka kunisaidia, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Nikasikia anavuta makamasi kule juu. "Simama vizuri," nikamwambia, "upindo utaenda upande."

Dereva akapiga honi, kisha akaja mlangoni kuuliza mzigo uko wapi, muda unakwenda.

"Hakuna mzigo," dada akamjibu, bila hata kugeuza shingo. "Nenda zako. Mimi nashonewa."