Kisanduku cha Mama

Mjukuu wangu msichana alisomea kompyuta, kwa hivyo kikundi chetu cha akina mama hapa Busia kikampa kazi ya orodha. Kikundi kina sheria moja: mtoto wa mwanachama akiugua, sote tunainuka. Asiye kwenye orodha, kila mtu anamtazama mwenzake.

Nilikaa kando yake tangu asubuhi, kiti kinanichoma. Alikuwa amechora visanduku. Juu, Mama. Chini yake, Mtoto, na mstari wa kuwaunganisha. Mimi nasoma majina kwa daftari, yeye anaingiza ili kujaribu mchoro wake. Tukafika kwa mke wa mwanangu, mama wa wajukuu wengine wanne ninaowalea. Tulimzika msimu wa kupanda.

"Huyo toa," nikasema. "Marehemu hakai na walio hai."

Akabonyeza. Jina likaenda. Watoto wanne wakaenda nalo.

"Wako wapi?"

"Kukhu," akaniita nyanya kwa lugha yetu, "mtoto ameshikiliwa na mama. Ukitoa mama..."

"Nani alikuambia hivyo? Nilizika mmoja, sikuzika watano!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kesho yake orodha ilikuwa inaenda kwa mwenyekiti, na yule mdogo wao kifua humbana kila mvua ikinyesha.

Nikamwambia vile mambo yako kwetu. Mwanamke akifa, nyumba yake haifi. Mume akioa mwingine, huyo mpya anajengewa yake. Watoto wa kwanza wanabaki wa nyumba ile ile.

"Kwa hivyo juu niweke Nyumba?"

"Weka. Mama awe ndani, mtoto ndani, mlezi ndani. Mtu asining'inie kwa mtu."

Akafuta mstari, akachora kisanduku kipya juu, akaviunganisha nacho vile vya chini kimoja kimoja. Tukaingiza wanne wale upya. Kwa mama yao akaweka alama ya marehemu. Mlezi, mimi.

Bado roho haikutulia.

"Sasa niue mimi."

"Kukhu! Usijiombee mabaya."

"Hiyo ni kompyuta tu. Sogea."

Nikabonyeza alama ya marehemu kwa jina langu. Nikawahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, hadi wa nne.

"Wako," nikasema. "Pelekea mwenyekiti."

"Ngoja nikufufue kwanza," akajibu.