Pete ya jua ilipita Sumbawanga nikiwa nimechuchumaa

Wakuu, salaam kwenu, pamoja na nyie mnaosomaga kimya kimya bila ku-like.

Hii siyo chai. Imenikuta mimi mwenyewe hapa Sumbawanga, na nikiikumbuka hasira zinanipanda upya. Wale wa utani wa Sumbawanga na radi za kichawi naomba leo mpumzike.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Mazwi. Ila ugonjwa wangu ni anga. Nina telescope ya mtumba, mguu mmoja wa tripod nimeufunga kwa mpira wa tairi, na kamera naipachika nyuma yake kwa adapter niliyochonga mwenyewe. Mtaani wengine wananiita profesa, wengine wakiniona nayo wanavuka barabara.

Sasa kuna mwaka ikatangazwa jua litapatwa, na huku kwetu litabaki pete. Yaani mwezi unakaa katikati ya jua, pembeni unabaki mduara wa moto.

Wakuu, kitu kama hicho kupita juu ya uwanja wako, unaweza kuzeeka na kufa hujakiona. Nilitaka picha moja tu. Moja!

Filter ya jua niliagiza mapema. Siku yenyewe nikafunga kibanda, nikaweka vyombo nyuma ya nyumba, nikaning'iniza mfuko wa mawe kwenye tripod maana upepo wa kiangazi wa huku Ufipa hauna adabu.

Muelewe jambo moja. Telescope yangu haina mota. Jua linahama, kwa hiyo lazima uisukume kidogo kidogo, la sivyo linatoka kwenye frame. Ukiondoka umekwisha.

Majirani wakaanza kumiminika. Mama mmoja kaja na x-ray ya mguu wa mumewe, anataka kuangalizia jua.

"Mama, hiyo itakuunguza macho."

"Mbona ni nyeusi?"

Mwingine kaleta beseni la maji. Mwingine anataka selfie na telescope, na anaiegemea! Nikafoka mpaka sauti ikakauka. Mwisho nikatoboa tundu kwenye boksi, kajua kadogo kakatua kwenye karatasi ndani, wakatulia kidogo.

Mwezi ukaendelea kulila jua. Mwanga ukafifia, baridi ikaingia, kuku wa jirani wakaduwaa. Jua likabaki jembamba kama ukucha. Kidole changu kipo kwenye shutter.

Hapo hapo nasikia mke wangu nyuma yangu, "Baba amekuja."

Nageuka, namuona baba mkwe. Katoka kijijini Ilemba kwa bodaboda, kavaa koti lake la kanisani, vumbi mpaka kwenye kope.

Kwa wasio wa huku, mkwe hasalimiwi ukiwa umesimama. Unachuchumaa, unaangalia chini, unapiga makofi taratibu, na unajibu kila anachouliza mpaka amalize. Huwezi kumwambia mkwe "subiri kidogo". Sijawahi kumsikia mtu aliyesema hivyo.

Nikachuchumaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo baba." Makofi.

"Watoto?"

"Wazima baba." Makofi.

"Na kazi inaendaje?"

Watu waliozunguka boksi wakalipuka, "Pete! Pete hiyo!" Mimi naangalia viatu vya mzee. Na mzee mwenyewe kaligeuzia jua mgongo, ananiuliza habari za shangazi yangu!

Aliporidhika nikaruka kwenye telescope. Frame tupu. Nahangaika kulitafuta jua, nalipata, pete imeshakatika. Picha niliyonayo ni ya jua lililong'atwa, kama za watu wote.

Nilitaka kulia. Nikatabasamu, mkwe yupo.

Mzee akaletewa stuli, akakaa. "Haya, nionyeshe hiyo pete. Binti yangu alinipigia simu akanambia unaziangaliaga hizi, nikasema safari hii naifuata."

Kumbe mke wangu alijua! Eti ilikuwa surprise.

"Imeshapita, baba."

"Imepita saa ngapi?"

"Tulipokuwa tunasalimiana."

Akalitazama lile boksi kwenye mikono ya watu.

"Sasa si ungesema? Salamu tungepeana baadaye. Mimi nimetoka Ilemba kwa ajili ya hiyo."

Akaomba boksi, akakaa nalo mapajani mpaka jua likawa zima. Picha inaniuma, ila ile sura ya mzee inaniuma zaidi.

Funzo nililopata: jambo likiwa halirudi, fungua mdomo, hata mbele ya mkwe. Heshima yangu ndiyo iliyomnyima mzee alichokifuata.

Haya, waoaji wa humu, wewe ungemwambia mkwe wako asubiri? Jibuni, ila msijifanye majasiri wa keyboard.