Ngazi za Nyumba ya Mapadri

Shangazi yangu alikuwa dobi wa mapadri tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti. Alipiga pasi kanzu zao chini ukumbini, akazikunja, akaziacha kwenye ngazi ya kwanza. Mwisho wake ulikuwa hapo. Wakoloni walioijenga ile nyumba ya mawe kisiwani kwetu waliweka sheria: mwanamke hapandi juu, kunakolala mapadri. Wenyewe walifungasha wakaenda zao, sheria wakatuachia. Shangazi alikuwa akicheka tu, "Kwani wanadhani nitawaiba?"

Asubuhi moja binti yake aliingia mbio, gauni limechanika, jicho limevimba. Nyuma yake alikuja mumewe na panga. Mwanaume yule alikuwa akimpiga tangu waoane, na siku hiyo, baada ya kuambiwa mke anarudi kwa mama yake, aliapa kummaliza.

Pa kukimbilia palikuwa juu tu.

"Panda!" shangazi akapiga kelele.

Binti akapanda. Lakini paroko, mzee wa watu, alikuwa amesimama juu kabisa, mikono ameitanua.

"Mwanangu, huku hapana. Unajua utaratibu."

Utaratibu! Binti alisita, na kusita huko kulitosha. Panga lilimpasua bega. Pigo la pili shangazi, aliyekwisha kupanda mbio akajitia kati, alilikinga kwa mkono mtupu, na vidole vyake viwili vikabingirika hadi kwenye kanzu nyeupe alizotoka kuzikunja. Mkono wa pili ulikuwa bado na pasi ya makaa. Akambamiza nayo mkwewe usoni. Jamaa akaporomoka hadi chini akimlilia mama yake, shangazi akamfuata, akampiga tena na tena mpaka makaa yakamwagika sakafuni. Ndipo akapanda, akamsukuma paroko ukutani, akamlaza binti yake kwenye kitanda cha padri. Kitanda chote kililowa damu.

Binti alipona, ingawa mkono ule haunyanyuki tena. Mume yuko jela, na huko aoze.

Shangazi aliporudi kazini, kidonda bado kibichi, paroko alimwambia kwa upole kutoka juu, "Mama, nguo utaziacha palepale, kama zamani."

Shangazi alizikumbatia kanzu, akapanda ngazi mojamoja mpaka wakatazamana uso kwa uso.

"Baba Paroko," akasema, "leo sogea mwenyewe."

Akasogea.