Viatu vya Kutembelea

Harufu ya viatu vipya inanichefua. Wapo wanaoipenda, wanaingiza pua mle ndani ya kiatu wanavuta kama wananusa maua. Mimi nikiisikia, ile harufu ya mpira na gundi na karatasi iliyosokomezwa kwenye ncha, nataka kugombana na mtu. Jumamosi iliyopita nilimpata wa kugombana naye.

Binti yangu Rehema anakaa mitaa miwili kutoka kwangu, hapa Hounslow, Uingereza, chini ya njia ya ndege. Nilimkuta jikoni kwake, mezani kuna maboksi matatu ya viatu yamefunguliwa, harufu imejaa nyumba nzima, naye kainamia kompyuta. Shule zinafunga kwa Pasaka na anawapeleka watoto Lisboni, Ureno, siku tatu. Mume wake ana zamu hospitali, hawezi kwenda. Waingereza wenyewe wanasema sasa ni majira ya machipuko. Kweli, miti ya mtaani kwetu imetoa maua meupe, na mimi bado nimevaa soksi mbili. Aliyeyapa majira hayo jina alikuwa amekaa karibu na moto.

"Ni safari ya kurilaksi, Baba," akaniambia. "Hakuna presha."

Nikasogea nitazame hiyo rilaksi. Kaipanga kwa safu na rangi. Saa tatu ngome. Saa nne na robo tramu. Saa tano na nusu kutazama samaki kwenye vioo. Kula, dakika arobaini. Mpaka kwenda chooni kumepewa nafasi yake.

"Hii rilaksi au gwaride?" nikamuuliza.

"Baba, ukiwa na watoto lazima upange."

Usinifundishe mimi. Nilipakia mizigo uwanja wa ndege miaka kumi na tisa kabla sijanunua gari langu la kwanza la abiria. Leo ninayo sita, na shule niliishia darasa la nne. Nimewaona hao wanaokwenda kurilaksi. Nimewaona wakimvuta mtoto mkono mpaka bega linataka kubaki nyuma, mume na mke hawasemeshani, na hapo hata ndege hawajapanda. Wakirudi, wamechoka kuliko mimi niliyekuwa nabeba masanduku yao.

Rehema akanipuuza. Akawageukia watoto akawaambia kwa Kiswahili, maana nikiwepo hujitahidi: "Tunakwenda kutembea Lisboni!"

Aisha ana miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Akakunja uso, akamuuliza mama yake kwa nini twende kwa miguu, kwani ndege zimeisha? Mdogo wake, Idi, akaanza kulia kwamba ni mbali.

Rehema alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Neno hilohilo, kutembea, ndilo lililoniharibia siku niliyoingoja kuliko zote katika utoto wangu, na nilimchukia mtu kwa ajili yake miaka mingi. Kaeni niwaambie, maana kule jikoni hakuna aliyeniuliza.

Baba yangu alikuwa mpiga bendera wa reli pale stesheni ya Kilosa. Bendera ya kijani, treni inakwenda; nyekundu, inasimama. Na sisi nyumbani tulikuwa treni zake. Alikuwa na saa ya mfukoni aliyoipenda kuliko sisi, na mkanda mpana wa ngozi ambao haukuwa wa kushikilia suruali peke yake. Mama alikuwa analima, anateka maji, anakaanga vitumbua na kuvikimbiza madirishani treni zikisimama. Sina kumbukumbu hata moja ya mama amekaa mikono mitupu.

Watumishi wa reli walikuwa wanapewa pasi ya kusafiri na familia bila kulipa. Baba alikuwa anaiacha tu inaoza. Mwaka ule, mimi nina miaka kama minane, akaingia ndani jioni, akasimama katikati ya chumba kama yuko jukwaani: "Mama Hamisi, tunakwenda Dar es Salaam kutembea. Wote. Tembea uone!"

Hamisi ni mimi.

Lililonitoa usingizi si Dar es Salaam, ni lifti. Baba alikuwa na rafiki yake, mtu wa kwetu, aliyekuwa mwendesha lifti kwenye jengo refu kule mjini, na alikuwa ameahidi kutupandisha mpaka juu kabisa. Chumba cha chuma kinachopanda chenyewe na watu ndani! Nilikwenda nikawatangazia watoto wote wa reli. Niliwatangazia mpaka wakanichukia.

Kisha Baba akasema mke wake haingii mjini na kandambili. Alikuwa anakwenda Morogoro kikazi, angenunua viatu huko. Siku zile mtu hakuongozana na mguu wake dukani. Unapima mguu nyumbani kwa kamba, kamba ndiyo inakwenda dukani. Kazi ya kupima nikapewa mimi. Mama akakanyaga chini uani, miguu yake mipana, visigino vimepasuka kama tope la kiangazi, nikavuta kamba ya katani kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole gumba, nikakata. Nikaitia mfukoni nimpe Baba asubuhi.

Jioni hiyo tukacheza mpira. Mpira wetu wa matambara ukafumuka katikati ya mchezo, tumebakiza goli moja, watoto wananipigia kelele, "Hamisi, huna kamba wewe?" Ninayo. Nikakata kidogo kwa kisu. Vidole viwili, vitatu. Kamba bado ilikuwa ndefu, kwa macho yangu. Tukaufunga mpira, tukashinda, nikalisahau jambo lile siku hiyohiyo.

Viatu vikaja. Vyeusi, vya kufunika, vina kishikizo cha chuma pembeni, bado vinanuka duka. Baba akapiga goti mwenyewe kumvisha, jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sikuliona tena. Mama akasimama. Akanitazama mara moja tu, haraka, akarudisha macho kwa Baba.

"Vinakutosha?" Baba akauliza.

"Vimenikaa," mama akasema.

Nikadhani alinitazama nimsifie. Nikamwambia amependeza.

Tulifika Dar es Salaam asubuhi, Baba mbele na saa mkononi, mama nyuma na mdogo wangu Zuhura mgongoni, mimi katikati. Ratiba Baba alikuwa ameiandika nyuma ya fomu ya reli. Saa tatu makumbusho. Saa nne Kariakoo. Saa tano bandarini kutazama meli. Saa sita na nusu lifti, bila kukosa, kwa sababu saa saba yule rafiki yake anamaliza zamu na anayempokea hatujui. Kesho yake tunarudi.

Tulitembea. Baba hakuwa mtu wa kupanda basi wakati ana miguu. Makumbusho tuliyapita kama tunafukuzwa. Kariakoo sikuona kitu ila migongo ya watu. Kila nikigeuka, mama yuko nyuma zaidi, anatembea kama anayekanyaga vifuu. "Mama, fanya haraka!" Nilisema mara ngapi siku ile? Najua nilisema nyingi. Bandarini Baba akatuonyesha meli kwa kidole, akatazama saa, akasema, "Haya, meli mmeiona."

Tukafika kwenye bustani moja katikati ya mji, kulikuwa na benchi la saruji. Jengo letu lilikuwa linaonekana pale mbele, madirisha yanawaka jua. Mama akaenda kwenye benchi, akakaa.

Baba akarudi hatua kumi. "Mama Hamisi, inuka. Tumechelewa."

"Siinuki."

"Nini?"

Mama hakupandisha sauti. "Baba Hamisi, wewe uliniambia tunakuja kutembea. Hukuniambia tutatembea."

Kulikuwa na muuza kahawa amechuchumaa pembeni na birika lake. Alicheka mpaka vikombe vikalia. "Mzee, hapo umepigwa bao! Mama kasema kweli!" Wateja wake wakacheka naye. Baba yangu, aliyekuwa akisimamisha treni nzima kwa kipande cha kitambaa, akashindwa kumsimamisha mwanamke mmoja kutoka kwenye benchi. Uso wake ukawa kama bendera nyekundu.

"Baba, twende sisi wawili," nikasema. "Mama atatungoja hapa."

"Treni haiachi behewa," akasema. Na hakuondoka. Na hakukaa. Alisimama pale na saa yake mkononi, anaitazama saa sita na nusu ikipita, saa saba kasorobo ikipita, mpaka saa saba yenyewe. Nikalia mpaka nikakohoa. Mama akamenya chungwa, akanipa. Nikalitupa kwenye maua.

"Umeniharibia," nikamwambia. "Bora ungebaki nyumbani."

Kwa neno lile Baba angenichuna ngozi, lakini siku ile alikuwa upande wangu. Mama akakaa mikono mitupu, anatazama maua, kama mtu aliyefika.

Kurudi Kilosa, watoto walikuwa wananingoja. Ningesema sikupanda? Nikasema nimepanda. Nikasema ndani kuna ngazi nzuri. "Lifti ina ngazi?" wakauliza. Mmoja wao kaka yake alikuwa anakaa mjini, akafafanua. Tangu siku hiyo jina langu likawa Lifti. "Lifti anakuja!" "Lifti, leo umepanda au umeshuka?" Mpaka naondoka Kilosa nikiwa kijana mzima, wapo walioniita Lifti. Na kila nikiitwa, moyoni nilimlaani aliyekaa kwenye benchi. Baba naye hakusahau. Miaka yote, ikitajwa safari, alikuwa akisema: "Na huyu? Huyu atakaa." Mama hakumjibu hata siku moja.

Nikakua hivyo. Nikaja Uingereza hivyo.

Kazi yangu ya kwanza pale uwanja wa ndege walinipa fomu ya kujaza namba ya buti. Namba za hapa si za kwetu, Kiingereza sikukijua, na kumwuliza mtu nikaona ni kujidhalilisha. Nikaandika namba niliyoikisia. Buti zikaja zimenibana. Nikazivaa. Zamu ni ya saa kumi na mbili mfululizo. Ilipofika saa ya sita nilikuwa nimekaa juu ya toroli la mizigo, machozi yananilengalenga, na ndege ipo mlangoni inangoja masanduku.

Msimamizi wetu alikuwa Singasinga mmoja, mzaliwa wa Nairobi, Kiswahili chake kilikuwa cha kule kwao. Akanijia. "Wewe, mzee, mbona umekaa? Ukikaa hapo wakubwa wakuone watakufuta. Ni viatu?"

"Hapana," nikasema. "Vimenikaa."

Nikalisikia neno lile likitoka mdomoni mwangu. Katika kelele zote zile za injini nikaiona kamba ya katani, na mpira wa matambara, na vidole viwili, vitatu. Nikayaona macho ya mama yaliyonitazama mara moja na kuondoka haraka. Angesema vinambana, Baba angeuliza swali moja tu: nani alipima? Na ule mkanda ulikuwa ukining'inia msumarini, hatua tatu kutoka pale.

Basi mama akaniweka mimi kwenye kiatu, akatembea na mimi mji mzima. Alipokaa, alikuwa tayari amenibeba kutoka stesheni mpaka bustanini. Mimi nikalitupa chungwa lake.

Mnaosema mtoto hana kosa, semeni kwenu. Mimi nilikuwa na kosa, na nililipanda likaota chuki, na chuki hiyo nikaila miaka zaidi ya ishirini nikidhani nimedhulumiwa.

Haya, turudi jikoni kwa Rehema. Nilichukua mguu wa Idi, nikauingiza kwenye kiatu kipya, nikabonyeza ncha kwa kidole gumba. "Kinakutosha?"

"Fine, Babu," akasema, akamtazama mama yake.

Hiyo "fine" naijua mimi. "Sema kweli. Hakuna wa kukupiga hapa."

Akanong'ona kwamba kinamuuma. Nikamsukumia Rehema boksi. "Karudishe. Na nenda na mguu wenyewe dukani." Kisha ile ratiba yake, alikuwa ameichapisha na kuibandika kwenye friji, nikachukua kalamu, nikaandika katikati ya ngome na tramu kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: BENCHI. Katikati ya tramu na samaki: BENCHI. Nikaendelea hivyo mpaka chini.

"Baba, umeniharibia karatasi! Benchi la nini?"

"La kukaa. Hata wewe."

Alikasirika, na akasirike. Nikachukua kofia yangu nikatoka. Njiani nikamkumbuka mama kwenye simu, mwaka uleule wa buti. Nilinunua kadi, nikasimama kwenye kibanda cha simu na mvua inapiga kioo. Baba alikuwa ameshafariki. Nikamwambia mama kila kitu, kamba, kisu, mpira, nikamwuliza kwa sauti ya mtu mzima anayeogopa: "Mama, ulijua?"

Kadi ilikuwa inaliwa.

"Nilikuwa nafagia uani, mwanangu," akasema. "Niliuona mpira wenu. Mliufunga vizuri."